Uso Si Sufuria: Hoja ya Kitambaa Laini na Mkono Mwepesi

Ukisimama asubuhi pale Feri, Magogoni, wakati kivuko kutoka Kigamboni kinapoteremsha abiria, utakiona kitambaa kabla hujauona uso. Kimening'inia shingoni mwa mchukuzi wa samaki. Kimetupwa begani mwa mama anayekaanga pweza kando ya moshi wa jiko lake. Kimekunjwa kiganjani mwa karani anayeharakisha kwenda Posta. Joto la Dar es Salaam na unyevu wa bahari havimruhusu mtu kuufikisha uso mkavu ofisini, ndiyo maana kila mmoja ana kitambaa chake cha jasho. Kitambaa hicho hufuta paji la uso, hufuta mikono, pengine hufuta hata kiti cha daladala. Na jioni, kwa wengi wetu, ndicho hicho kinachoingia bafuni kuoshea uso.

Kutoka hapo hadi Kariakoo si mbali. Katika meza za wachuuzi utakuta kila chombo cha kusugulia mwili: dodoki la asili lililokaushwa kutoka kwenye mdodoki, dodoki la nyuzi za nailoni lenye rangi za kupendeza, brashi, glovu zenye mikwaruzo, vikopo vya krimu yenye chengachenga, na kando kabisa, bila mbwembwe, taulo ndogo za pamba. Wateja hugombea vile vikali. Taulo ndogo haina wa kuisifia.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ngozi, na makala haya nimeyaandika ili kuitetea taulo hiyo ndogo. Hoja yangu ni kwamba kitambaa laini cha pamba, kinachofuliwa na kutumika tena, kikiwa cha mtu mmoja, kikianikwa juani na kikitumiwa kwa mkono mwepesi, kinautosha uso wa mtu mzima mwenye ngozi yenye afya. Kila kilicho kikali zaidi ya hapo, kwa ngozi zetu nyeusi, mara nyingi huleta doa lile lile ambalo mtu alikuwa analikimbia.

Mgonjwa ninayemwona kila wiki

Kuna namna ya mgonjwa ambayo sasa naitambua kabla hajaketi. Ni binti au kijana wa kiume wa miaka ishirini hivi. Huamkia, nami huitikia, kisha hunionyesha mashavu yenye madoa meusi. "Daktari, nasugua kila siku, lakini weusi hautoki." Nikimuuliza anasugulia nini, kwanza huona haya. Hatimaye hutaja dodoki la nailoni, au chumvi, au sukari iliyochanganywa na limau, au krimu ya chengachenga aliyoambiwa na rafiki kwamba inang'arisha.

Historia yake karibu kila mara huwa moja. Alianza na chunusi chache. Akadhani chunusi ni uchafu, akazisugua. Chunusi zikapasuka na kuacha madoa. Akadhani madoa nayo ni uchafu uliogoma, akaongeza nguvu. Madoa yakakolea. Hapo ndipo alipouziwa mkorogo. Wengi hunifikia wakiwa katika hatua hii ya mwisho, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, na uso unawaka kila jua linapochomoza.

Simlaumu mgonjwa huyu. Tumemlea sisi wenyewe, nyumbani na shuleni, kwa imani kwamba usafi hupimwa kwa nguvu ya mkono. Sufuria iliyoungua hung'aa kwa kusuguliwa. Kwa nini uso usiwe hivyo? Jibu ni kwamba masizi ya sufuria yako juu ya sufuria, ilhali rangi ya ngozi iko ndani ya ngozi.

Kinachotokea chini ya kitambaa

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa safu kama 15 hadi 20 za chembe zilizokufa, zikiwa zimeshikamana kwa mafuta maalumu mfano wa matofali na saruji. Pamoja na safu zote hizo, usoni tabaka hili halifikii hata unene wa karatasi ya daftari. Ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya takriban wiki 4 hadi 6 hupukutika zenyewe bila kuombwa. Ngozi, kwa maneno mengine, hujisugua yenyewe. Kazi yetu ni kuisaidia kidogo kuondoa jasho, mafuta, vumbi na zile chembe ambazo tayari zimekwisha kulegea.

Chembe zinazotengeneza rangi, ile iitwayo melanini, hukaa chini kabisa ya tabaka la nje, mahali ambapo dodoki haliwezi kufika bila kutoa damu. Zina hulka moja ambayo kila mwenye ngozi nyeusi anapaswa kuijua: zikiudhiwa, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Chunusi huziudhi. Jua huziudhi. Msuguano nao huziudhi. Kwa hiyo anayesugua doa ili liondoke anaziamuru chembe hizo kulijaza rangi upya kila asubuhi.

Katika miaka ya 1980 madaktari wa ngozi nchini Japani walieleza madoa ya kahawia yaliyojitokeza sehemu zenye mifupa karibu na ngozi, kama vile kwenye mtulinga, mabegani na mgongoni, kwa watu waliozoea kujisugua kwa taulo za nailoni. Matibabu ya msingi yalikuwa kuacha kusugua, kisha kuvumilia miezi mingi hadi rangi ififie. Tangu hapo hali hiyo imeelezwa pia katika nchi nyingine, na mimi sipati shida kuikuta katika chumba changu cha uchunguzi hapa Dar es Salaam. Mara nyingi mgonjwa huja akidhani ni fangasi, na huwa amekwisha kupaka dawa za fangasi kwa miezi kadhaa.

Hata vile vidoa vyeusi vya puani, ambavyo watu huviita uchafu, si uchafu. Ni mafuta na chembe zilizokufa zilizoziba kitundu cha ngozi, zikageuka nyeusi kwa melanini na kwa kukutana na hewa. Kuvisugua hakufungui kitundu. Huumiza tu kingo zake.

Kwa nini nisiseme tumieni vidole tu?

Wapo wenzangu watakaopinga, na hoja yao ni ya haki. Husema kwamba vidole safi na maji vinatosha, na kwamba kila kitambaa ni mlango wa vijidudu. Kwa mwenye chunusi zilizovimba au ngozi inayowaka, nakubaliana nao bila masharti. Lakini kwa mtu anayeshinda Kariakoo katika vumbi, moshi wa magari na jasho, kumwambia "osha kwa vidole tu" ni kumpa ushauri ambao hataufuata. Hatajiona msafi. Kesho atalirudia dodoki lake kimyakimya, na siku akija kwetu hatatuambia. Ni heri tumpe chombo kinachomridhisha bila kumjeruhi.

Tena, kitambaa kina faida zake. Nyuzi za pamba zilizolowa hubeba mafuta na masalia ya vipodozi ambayo maji peke yake huyaacha. Kwa wanaume wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa kidevuni dakika chache kabla ya kunyoa hulainisha nywele. Na kukizungusha taratibu husaidia kuinua ncha za ndevu zilizojikunja na kutaka kurudi ndani ya ngozi. Na kwa mfuko wa mwananchi, kitambaa kimoja hufuliwa mamia ya mara, wakati tishu zenye unyevu hutupwa baada ya uso mmoja. Nyingi za tishu hizo zina nyuzi za plastiki na dawa za kuzuia kuoza ambazo baadhi ya ngozi huzikataa, na safari yao ya mwisho ni mifereji yetu na Mto Msimbazi.

Wala wazo la kusugua kwa upole si geni pwani yetu. Bibi harusi wa Zanzibar husingwa kwa singo ya maua na liwa, kwa kiganja cha somo mwenye subira. Sisemi singo ni dawa, wala kwamba kila ngozi huipenda. Nasema kwamba waliotutangulia waliujua mkono mwepesi kabla hatujauziwa glovu zenye mikwaruzo.

Kitambaa kipi, na kitumike vipi

Huhitaji kununua cha ghali. Kanga kuukuu ya pamba halisi, iliyokwisha kulainika kwa miaka ya kufuliwa, ni kitambaa bora cha uso. Kanga moja ya mita moja na nusu kwa mita moja hutoa vipande 24 vya sentimita 25 kwa 25. Pindo zake zikishonwa, familia nzima imepata vyake. Angalia tu isiwe ile ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ambayo hainyonyi maji. Jaribio langu ni jepesi: pitisha kitambaa kikiwa kimelowa upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo. Kama unahisi kinakwaruza pale, hakifai kufika usoni.

Nawa mikono kwanza. Lowesha uso na kitambaa kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, si ya moto. Paka sabuni laini kwa vidole, kisha pitisha kitambaa kwa miduara midogo, ukiuachia uzito wa kitambaa chenyewe ufanye kazi. Nusu dakika inatosha. Dakika moja ni nyingi. Suuza, kausha kwa kugusagusa bila kuburuta, kisha paka mafuta au losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Asubuhi, mwenye madoa apake pia krimu ya kujikinga na jua, kwa kuwa doa lisilokingwa halifutiki hata kwa dawa.

Anza mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine tumia vidole. Ngozi yenye mafuta mengi huweza kustahimili zaidi, ngozi kavu hudai kidogo. Ukipaka mafuta baada ya kuosha ukahisi uso unachoma, hiyo ni ngozi inayokwambia kwamba umezidisha. Iache ipumzike wiki nzima.

Neno kuhusu sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Sabuni ya mche ni rafiki wa kitambaa lakini si rafiki wa uso: fulia nayo, usijioshee nayo usoni.

Kitambaa cha wote ni maradhi ya wote

Sasa niseme kuhusu upande ambao kitambaa hugeuka adui. Mji wetu una unyevu, na nyumba nyingi za Kariakoo na pembezoni mwake ni za vyumba vya kupanga, wapangaji wengi wakitumia bafu moja lisilo na dirisha. Kitambaa kinachoachwa humo kikiwa kimelowa hakikauki kamwe. Bakteria wasababishao majipu hupenda mahali kama hapo, na hakuna njia rahisi zaidi ya kuwasafirisha kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama kuliko kitambaa kimoja kwenye msumari mmoja. Fangasi, sunzua na macho mekundu nayo husafiri hivyo hivyo.

Nchi yetu ina somo lake katika jambo hili. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza kwa miaka mingi ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaopofusha. Ugonjwa huo huenezwa na nzi, vidole, na nguo au vitambaa vinavyofuta macho ya zaidi ya mtu mmoja. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lao katika vijiji vya wilaya hiyo: watoto walioendelea kuwa na nyuso safi, baada ya jamii nzima kupewa dawa, walipata nafuu kubwa zaidi kwa vikope vikali. Leo uso safi ni nguzo mojawapo kati ya nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira bora. Magogoni si Kongwa, na trakoma si chunusi. Lakini funzo ni lile lile: uso uoshwe, na kinachoufuta kisiwe cha wawili.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi na saluni za kunyoa. Siku hizi kinyozi akimaliza, mteja huoshwa uso, husuguliwa kwa chengachenga, kisha hufunikwa taulo ya moto. Ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho; kuisugua saa hiyo hiyo ni kuifungulia mlango, na taulo iliyotoka kwenye uso wa mteja aliyetangulia ndiyo inayoingiza mgeni. Sisemi saluni zifungwe, maana zinalisha vijana wengi. Nasema mteja aje na kitambaa chake mfukoni, aseme bila haya, "Kaka, tumia hiki changu," na kusugua kusubiri angalau siku mbili au tatu.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi. Kila mtu awe na vitambaa vyake, vitatu au vinne, vyenye rangi au alama ya kuvitofautisha. Kila kimoja kitumike mara moja, kisha kifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mara mbili, kwa kuwa masalia ya sabuni ya unga huwasha ngozi. Kianikwe nje juani hadi kikauke kabisa, na mara moja kwa wiki kichemshwe. Kitambaa cha jasho cha mchana kibaki kitambaa cha jasho; kisipande cheo usiku na kuwa kitambaa cha kuoshea uso.

Wasioruhusiwa kusugua kabisa

Mwenye chunusi zilizojaa usaha, mwenye pumu ya ngozi iliyochachamaa, mwenye vidonda au malengelenge, na anayetumia dawa za chunusi zinazobambua ngozi, hao waoshe kwa vidole hadi daktari aseme vingine. Aliyetumia mkorogo ana ngozi iliyokondeshwa na steroidi, na huenda pia imeathiriwa na haidrokwinoni au zebaki. Kuisugua ni kuichana. Aje hospitalini bila hofu ya kusemwa, na asiache kila kitu ghafla peke yake, kwa kuwa kuacha nako kunahitaji usimamizi.

Kwa watu wenye ualbino nina ombi la pekee. Kipele kikavu chenye magamba kisichopona usoni, masikioni au mikononi si ngozi iliyokufa ya kubanduliwa kwa dodoki. Huweza kuwa dalili ya awali ya saratani. Nimewapokea waliokisugua kwa miezi, kila magamba yakibanduka wakiamini wamepona. Kipele hicho kikiwahiwa hutibika kwa urahisi. Kikicheleweshwa, safari huweza kuishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, hatua chache kutoka hapo hapo Magogoni.

Kwa wenzangu wa zamu

Ninyi mnaopokea wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya, naomba mwongeze maswali matatu kabla ya kuandika krimu yoyote. Unaoshea uso nini? Nani mwingine anakitumia? Kinakaushiwa wapi? Maswali haya hayahitaji kipimo wala bajeti, na huchukua chini ya dakika moja. Nimeona madoa yaliyoshindwa na dawa tatu yakianza kufifia baada ya dodoki la nailoni kutundikwa pembeni. Tuulize kwa upole, maana mgonjwa anayeona haya hatasema kweli, na tusipojua anachofanya bafuni, tutamwongezea dawa juu ya jeraha analojitia mwenyewe kila siku.

Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Lete kitambaa chako, lete dodoki, lete na kikopo cha krimu uliyoificha kabatini. Viweke mezani. Havitatushangaza.

Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Ngozi ya uso haina unene wa gogo, na haimaliziki kwa shoka bali kwa mikwaruzo midogo ya kila asubuhi inayofanywa kwa nia njema. Kesho utakapoinama juu ya ndoo kabla ya kuwahi kivuko, chukua kipande cha kanga kilichokauka juani, kilowe, na upitishe mkono taratibu. Uso wako ulikuwa safi tangu mpito wa kwanza.